Aliyemvisha Ndama Ngozi ya Mwenzake

Alhamisi, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Nina hakika kwa sababu redio ya baba ilikuwa dirishani na mtangazaji alikuwa ametoka tu kutaja saa. Nilikuwa naanua nguo. Fundi, jirani yetu mshona ngozi, alipitisha mkono wake mzima juu ya ua wa miiba, akatundika kikombe cha bati kwenye mti wa kamba yetu, akasema, "Intala, kesho wanakuja, wakitoka swala ya alfajiri. Utagonga wewe. Mimi nikigonga hawezi kuja."

Intala ni msichana kwa Kiborana. Ameniita hivyo tangu tuhamie hapa nikiwa darasa la pili, na sidhani analijua jina langu. Akarudi ndani bila kungoja jibu. Anajua sina majibu ya haraka. Mimi nikisalimiwa barabarani jibu langu hutoka mtu akiwa ameshapita.

Wanaokuja ni wachinjaji. Atakayechinjwa ni Guyo, ngamia dume wa Fundi, ambaye hapigi magoti kwa neno wala kwa fimbo ya mtu yeyote, ila akisikia kikombe hicho kikigongwa. Akiwa wima hakuna wa kumsogelea. Kumpiga risasi hawataki, nyama itakuwa haramu. Kwa hivyo mimi nimwite kwa kikombe alicholelewa nacho, apige magoti akidhani ni chai, nao wamfunge.

Sijui kama nitaweza. Shule zimefungwa, kazi zangu nimemaliza, na kutoka hapa kwenye kizingiti nakiona kikombe kikining'inia. Nimeona nimwandike Fundi vile nilivyomjua, labda nikifika mwisho nitajua la kufanya.

Nianze na mikono, kwa kuwa sasa amebaki na mmoja mzima. Ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake. Fundi ni mfupi, akikaa kwenye kigoda chake mbele ya nyumba, chini ya kivuli cha magunia, ungedhani mikono ile ameazimwa. Alishona kila kitu cha ngozi: viatu, mijeledi, mikanda ya kufungia mizigo ya ngamia, ndoo za kuchotea maji visimani. Ngozi ilikuwa inanuka, na yeye alinuka ngozi, na watoto wa mtaa huu walimjua kwa pua kabla ya macho. Waislamu walipita wakimpa salaam aleikum, sisi tulimwambia habari, na wote aliwajibu kwa mguno, sindano iko mdomoni.

Kwa wateja hakuwa na adabu. Nilimsikia akimwambia dereva wa lori za ng'ombe, amekishika kiatu chake kwa vidole viwili, "Hii ulikuwa unatembelea ama unapikia?" Mwanamke mmoja alimrudishia mkanda akisema umekatika. Fundi akautazama. "Mkanda ni mzima. Punda yako ndiyo amekatika. Mpe kula." Na mkanda akaushona upya bila kumwongeza neno.

Hata mkewe alimsemesha vibaya. Sisi watoto tulimwita Akko, yaani nyanya. Chai ikichelewa Fundi alikuwa akiuliza kama majani yanapandwa kwanza. Akko alikuwa akimjibu kutoka jikoni, "Yanapandwa, na nimekungojea ukuje ulime." Hayo yalikuwa ndiyo mapenzi yao, nadhani. Sikuwahi kusikia mengine.

Lakini mnyama hakumpiga. Hilo kila mtu alilijua. Alishona mijeledi mizuri kuliko yote sokoni na hakuwa na mmoja nyumbani. Wakati mmoja alimfuata mtu wa mkokoteni mpaka karibu na msikiti, wakagombana mbele ya watu wenye kanzu, kisa punda mwenye kidonda mgongoni. Wazee walimwambia si vizuri kupiga kelele mahali pale. Akawaambia punda ndiye alikuwa anapiga kelele, ila wao hawakumsikia.

Kulikuwa na kazi nyingine, na hiyo ndiyo iliyofanya watu waje kutoka mbali, upande wa Gotu, hata wengine kutoka Biliqo. Ngamia akizaa na ndama akafa, mama hukauka. Hatoi maziwa kama hana wa kumpa. Basi Fundi aliitwa. Alimchuna ndama aliyekufa, akaijaza ngozi nyasi kavu, akaishona tumboni, akaisimamisha kwa vijiti. Kisha akaipaka chumvi na mkojo wa mama mwenyewe. Wakati wa kukama ile ngozi huwekwa mbele ya mama. Anailamba, na maziwa yanashuka.

Mara ya kwanza kuiona nilikuwa mdogo. Nilitoka asubuhi kwenda choo, nikakuta ndama ameegemea ua wetu, hana macho, na nyasi zinamtoka mdomoni. Nilirudi ndani nikakaa na haja yangu mpaka mama akanipeleka kwa mkono. Fundi alikuwa amesimama pale pale anakaza uzi.

"Usiogope," akaniambia. "Huyu hana neno na mtu."

Ndiyo nikamwuliza, na ni mara chache nimewahi kumwuliza kitu. "Mama yake anadanganywa?"

Alifikiri. "Hapana. Anajua. Anajua tangu siku ya kwanza. Lakini anataka kitu cha kulamba."

Mama yangu hakuipenda kazi hiyo. Sisi ni Waturkana wa kanisani, na mifugo tuliiacha zamani, baba anaendesha lori. Mama alisema kilichokufa kizikwe ama kiliwe, kisisimamishwe. Alisema Fundi anacheza na vitu vya Mungu na siku moja kitu kitamgeukia. Lakini mama husema hivyo hata juu ya watu wanaofuga paka.

Guyo alikuja mwaka wa ukame, ule tuliokula mahindi ya njano. Habari hii nimeisikia kwa Fundi mwenyewe, si kwa watu, naye aliisimulia bila kujipendelea. Familia moja upande wa Gotu ilikuwa na ngamia aliyefiwa na ndama, na ndama aliyefiwa na mama. Walimwita. Safari hii hakujaza nyasi. Alimchuna aliyekufa, akamvisha yatima ngozi ile kama koti, akaifunga kwa nyuzi chini ya tumbo. Mama alimnusa, akalia, akakubali. Ndama akanyonya.

Sasa hapo kuna sheria, na hakuna mfugaji asiyeijua. Koti halitolewi mpaka ndama mwenyewe aanze kunuka maziwa ya yule mama. Unanusa kinyesi chake. Ukikosea siku, umekosea yote.

Fundi alirudi kumtazama akakuta ngozi imeoza, ina funza, na chini yake ndama ana vidonda. Alimwonea huruma. Akaitoa.

Mama alinusa mara moja tu. Alimpiga ndama teke lililomrusha kwenye miiba, akamuuma shingoni, na maziwa yakakatika. Ukame, watoto wana njaa, na maziwa hakuna tena. Mwenye boma hakumtukana Fundi. Alimbeba ndama akamwekea miguuni, akasema, "Wewe ndiye umemfanya asiwe wa mtu. Chukua."

Fundi akamleta hapa Isiolo juu ya lori la mahindi, amempakata. Kwa kuwa alizaliwa mchana, akamwita Guyo, na hilo ni jina la mtu. Mtaani lilileta maneno. Jirani wa upande wa pili ana mwanawe Guyo, akaja mpaka mlangoni. "Fundi, unaita ngamia yako na jina ya mtoto yangu. Nikisikia 'Guyo, toka jikoni' sijui nikimbie ama nicheke."

"Cheka," Fundi akamwambia. "Yangu ndiyo iko jikoni."

Na kweli alikuwa jikoni. Alilala ndani, kwenye ngozi, kati ya Fundi na mlango. Alinyweshwa maziwa ya mbuzi kwa chupa ya soda yenye mpira, na mbuzi wakikauka, uji wa mahindi ya njano. Akko akisali mimi ndiye niliyeshika chupa. Ulimi wake ulikuwa wa moto na mkwaruzo, na kope zake zilikuwa ndefu kuliko za wasichana wote wa darasa letu. Baadaye akahamia kikombe cha bati, chai ya maziwa yenye sukari. Fundi aligonga kikombe kwenye nguzo ya lango, Guyo akaja mbio. Alipomzidi Fundi kimo, Fundi alimfundisha kupiga magoti kwanza ndipo anywe, maana vinginevyo alikuwa akimwaga yote. Mwezi wa Ramadhani alipitisha kichwa dirishani watu wakifuturu, akatafuna tende na kokwa zake. Watoto walimwita mtoto wa Fundi. Fundi hakukataa. Wakati mwingine niliona amekaa anashona, Guyo amelala nyuma yake, naye amemwegemea kama mtu anavyoegemea ukuta wa nyumba yake.

Nadhani miaka ile alikuwa na furaha. Sijui, kwa sababu uso wake ulikuwa ule ule.

Tatizo ni kwamba Guyo hakujua kuwa ni ngamia. Alipokua, Fundi alimpeleka kwa watu wenye kundi kule Biliqo, akae na wenzake. Ngamia wa kule walimnusa moshi na chai, wakamkimbia, na madume wakamng'ata. Hakulala nao. Alikwenda kulala kwenye moto wa wachungaji, katikati ya watu, akawasukuma kwa kifua apate nafasi. Wakamfukuza na vijinga vya moto. Alirudi Isiolo kwa miguu yake, peke yake, shingo imechanika. Watu wa lori walimwona njiani wakadhani ni wa wizi.

Nilikuwepo alipofika. Alisimama langoni. Fundi alimtazama, akaingia ndani, akatoka na kikombe.

Mwaka juzi akabaleghe. Dume likifika hapo hutoa povu, hukoroma, hutafuta wa kupigana naye na wa kupanda. Wengine hutafuta ngamia. Guyo hakuwa na ngamia, alikuwa na sisi. Asubuhi moja Akko alikuwa anasugua sufuria nje. Akamwangusha, akamlalia na kifua. Ndivyo wanavyoua, wanakukandamiza kwa ule ugumu wa kifuani. Tulisikia sauti ya sufuria tu, Akko hakupata pumzi ya kulia. Fundi aligonga kikombe, Guyo akainuka akaja kupiga magoti, macho matulivu, anangoja chai.

Akko alivunjika nyonga. Kutoka kitandani alimwambia mumewe maneno ambayo hata sisi tuliyasikia kupitia mabati: "Mimi ama huyo."

Fundi hakujibu. Siku zikapita hajajibu. Basi Akko akajibu mwenyewe. Kaka yake alikuja na gari kutoka Rapsu, wakambeba na godoro lake. Mama alimpelekea mandazi ya njiani. Akko alimshika mkono akasema, "Nimeachwa kwa sababu ya mtoto wa watu wengine, na huyo mtoto si hata mtu." Alitaka kucheka nadhani, lakini nyonga haikumruhusu.

Hapa ndipo Fundi aliponishangaza, na bado sijamaliza kushangaa. Alikuwa amemchagua Guyo, kwa kunyamaza. Baada ya Akko kwenda, akamchukia. Alimtoa uani akafunga lango. Hakumpa chai, hakumtaja tena jina, alisema "hiyo kitu." Guyo alisimama nje ya lango tangu asubuhi mpaka jioni, akilia ile sauti ya ndama ambayo kwa mwili mkubwa vile inatisha. Mama alisema inamkosesha usingizi. Mimi ilinikosesha kula.

Halafu siku moja Fundi akatoka na mawe. Mtu ambaye aligombana karibu na msikiti kwa ajili ya punda. Alimpiga kichwani, machoni, akisema, "Nenda. Nenda kwa wenzako." Guyo hakukimbia wala hakumrudi. Aliinamisha kichwa, akapiga magoti. Alidhani labda ndivyo inavyotakiwa. Fundi akaendelea mpaka mawe yakaisha mkononi, akaokota mengine. Nilikuwa nyuma ya ua na ndoo, na sikusema kitu, kwa sababu mimi si mtu wa kusema kitu.

Guyo aliinuka akaondoka taratibu. Akawa anaonekana mbali, upande wa machinjio ya zamani, akitazama huku.

Wafugaji wote wanasema ngamia hatoi hasira siku hiyo, anaihifadhi. Miezi ilipita. Mvua ikanyesha ikaisha. Fundi alikuwa anatoka sokoni na ngozi mbichi begani, Guyo akamjia kwa nyuma bila sauti, akamshika mkono wa kulia kwa meno, juu ya kiwiko, akamnyanyua. Wanaume walimpiga kwa fimbo mpaka akamwachia. Mkono ulitoka hospitalini ukiwa haufanyi kazi. Vidole vimekunjika kama vimeshika sindano ambayo haipo.

Mama alinituma nimpelekee uji. Alikuwa amekaa kitandani anautazama huo mkono.

"Alichagua," akaniambia. "Kuna shingo, kuna kichwa, vyote viko wazi. Alichukua ule uliotoa ngozi."

Nilitaka kumwambia ngamia hawezi kukumbuka koti alilovuliwa akiwa mdogo hivyo, kwamba alichukua mkono uliotupa mawe. Nilimsogezea uji. Labda kwake ni mkono ule ule na jambo lile lile.

Tangu hapo hashoni. Wazee wa mtaa wamekaa, Waislamu na Wakristo, wakasema ngamia achinjwe kabla hajaua mtoto. Fundi alikubali haraka hata wakatazamana. Wachinjaji walijaribu mara mbili. Mmoja amevunjwa mbavu. Ndipo mtu akakumbuka kikombe.

Nimefika mwisho na bado sijui. Giza linaingia, mama ananiita nikande unga. Jambo moja tu limenijia nikiandika: Fundi anasema akigonga Guyo hawezi kuja. Lakini tangu siku ya mawe hajagonga. Mimi niko upande huu wa ua, ningesikia. Hajajaribu hata mara moja.

Ijumaa, asubuhi.

Nilitoka wakati watu wanatoka msikitini. Wachinjaji walikuwa wamekaa chini ya ukuta na kamba zao, na mwenye kisu amekifunga kwenye kitambaa. Guyo alikuwa kule mbali, amesimama. Fundi alikuwa langoni mwake. Aliponiona na kikombe akageuza uso.

Nilikwenda mpaka kwake. Nikakiweka kikombe katika mkono wake mzima, nikasema, "Babu, gonga wewe."

"Hawezi kuja."

"Umejaribu?"

Mmoja wa wachinjaji akasema, "Huyu msichana kumbe ana mdomo." Mwingine akamwambia anyamaze.

Fundi alikitazama kikombe. "Nikigonga na akuje," akaniambia, chini sana, "mimi nitamwambia nini?"

Nilifungua lango, nikasimama upande wake wa mkono mbovu, nikaushika ule mkono mahali Guyo alipoushika. Ni baridi. Kisha akanyoosha kikombe akagonga nguzo, na akaita jina.

Guyo hakusita. Alikuja vile alivyokuwa akija utotoni, miguu inarukaruka ovyo, na mwili wote ule mkubwa nyuma yake. Alipita katikati ya wachinjaji bila kuwatazama, akapiga magoti mbele ya Fundi, goti moja, la pili, akajishusha na nyuma, akanyoosha shingo. Kope zile. Jicho moja limeingia ukungu, la upande wa mawe.

Wanaume walisogea na kamba, na yeye akawaacha wamfunge miguu. Alikuwa anatazama kikombe. Fundi naye alikuwa anakitazama, amekishika kwenye kidevu cha Guyo, na ndani hakukuwa na kitu.

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa ameshaandaa chai ya baba, ya maziwa. Nilichukua birika lote, nikachota sukari kwa kiganja, nikasikia mama akiniuliza naenda wapi na chai ya watu. Nikawaambia wachinjaji wangoje, na wakangoja.

Nikamimina mpaka kikombe kikajaa. Kilipoisha nikamimina tena.